Nilipodhani nimeona kioo

Grafu yangu ya kwanza ya mwendo wa chembe, iliyotoka kwenye uigaji wa kompyuta, ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mstari ulipanda, ukaanza kuinama, kisha ukalala kana kwamba umepigwa pasi. Nilikuwa nimesoma kwamba kimiminika kinachokaribia kuwa kioo hutoa tambarare ya namna hiyo: chembe zinanaswa na jirani zake, hazisogei, mstari unalala. Nikaichapa na kuipeleka kwa mwalimu wangu, uso umejaa tabasamu la mtu aliyekwisha kufaulu.

Umbo la mstari hakulijali. Alitazama namba za pembeni.

"Umelala kwenye ngapi?"

"Arobaini na nne, mwalimu."

"Arobaini na nne ya nini?"

Nikanyamaza. Akachukua kalamu. "Boksi lako lina upana gani?" Nikamwambia 9.4. Akaandika 9.4 mara 9.4, akapata 88.36, akagawa kwa mbili: 44.18. Akanirudishia karatasi, akaendelea na kazi zake.

Ilinichukua njia nzima ya kurudi mezani kwangu kuelewa nilichoonyeshwa. Katika uigaji wa kompyuta huwezi kuweka chembe nyingi kama zilizomo kwenye tone la maji, kwa hiyo unaweka elfu moja ndani ya boksi dogo lisilo na kuta: chembe ikitoka kwa upande wa kulia, inaingia tena kwa upande wa kushoto. Programu yangu ilikuwa ikiandika kwenye faili mahali chembe ilipo ndani ya boksi, haihesabu imevuka mpaka mara ngapi. Chembe iliyosafiri mbali ikarudi kwa mlango wa pili ilionekana kama haijatoka. Na chembe zikizurura hadi zikasahau kabisa zilikoanzia, wastani wa mraba wa umbali, ukipimwa hivyo, unaishia kwenye nusu ya mraba wa upana wa boksi. Kumbe nilikuwa nimepima boksi langu mwenyewe. Tena halijoto ilikuwa 1.0 (kwa vipimo vya uigaji wenyewe, si selsiasi wala kelvini), ambako mchanganyiko niliokuwa nikiuiga unatiririka bila shida yoyote. Tambarare ya kweli ya chembe zilizonaswa hukaa kwenye sehemu chache za mia za mraba wa kipenyo cha chembe. Mimi nilikuwa mara elfu moja juu yake, na bado nikafurahi.

Adhabu yangu, ingawa hakuiita hivyo, ilikuwa kurudia kazi ya mwanafizikia Aneesur Rahman ya mwaka 1964: atomu 864 za agoni iliyo kimiminika, kelvini 94.4, kwa kompyuta ambayo leo simu ya mfukoni inaiacha mbali. Niliona napotezewa muda. Lakini Rahman alikwisha toa jibu, yaani kigawo cha usambaaji (namba inayoonyesha chembe zinasambaa upesi kiasi gani) cha 2.43 mara kumi kwa kipeo cha hasi 5, sentimita za mraba kwa sekunde, na jibu lililokwishajulikana halikubali visingizio. Programu yangu ilipofika karibu na namba hiyo ndipo nikaruhusiwa kurudi kwenye kioo.

Niseme kwanza kwa nini mtu ahangaike na jambo hili. Ukipoza kimiminika haraka, ukakinyima nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, kinazidi kuwa kizito, kinakuwa kama asali, kama lami, mwishowe kinakuwa kigumu. Mnato wa maji, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni kama sehemu moja ya elfu ya paskali-sekunde. Mahali tulipokubaliana kusema "hapa sasa ni kioo" mnato umefika kumi kwa kipeo cha 12. Hapo katikati kuna ongezeko la mara kumi, kisha mara kumi tena, likirudiwa hivyo mara kumi na tano. Ajabu yake ni kwamba ukinionyesha picha mbili za mahali chembe zilipo, moja ya kimiminika chepesi na nyingine ya kile kinachokaribia kuganda, kwa macho siwezi kukuambia ipi ni ipi. Mpangilio umebadilika kidogo mno. Kilichobadilika ni mwendo, na ndiyo maana tunahesabu usambaaji.

Mchanganyiko niliopewa ni ule wa Walter Kob na Hans Andersen, waliouchapisha katikati ya miaka ya 1990: chembe 800 za aina A na 200 za aina B. Chembe za aina moja peke yake hazifai, maana ukizipoza zinajipanga mara moja kuwa fuwele kama wanajeshi wa gwaride. Kwa hiyo unazichanganyia ndogo ili kuvuruga safu. Hapa kuna ujanja wa kufurahisha. Nguvu ya mvutano kati ya A na A ni 1, kati ya B na B ni 0.5 tu, lakini kati ya A na B ni 1.5. Halafu ukubwa wa A ni 1, wa B ni 0.88, ila umbali wa A na B umewekwa 0.8, mfupi kuliko ungeutarajia kwa kuchukua wastani wa hizo mbili. Yaani B hapendani na wenzake, anampenda A kupita kiasi, na anamsogelea karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Namba hizi zilianzia kwenye kazi ya Weber na Stillinger ya 1985 kuhusu nikeli asilimia 80 na fosforasi asilimia 20.

Nikaendesha, safari hii nikihesabu kila mpaka unaovukwa. Mstari ukapanda bila kulala. Einstein mwaka 1905 alituachia njia: chukua wastani wa mraba wa umbali ambao chembe zimehama, tazama unavyokua kadiri muda unavyopita, gawa mwinamo wa mstari kwa 6, na hicho ndicho kigawo cha usambaaji. Nikagawa. Nikalinganisha na jedwali lililochapishwa. Namba yangu ilikuwa karibu mara saba ya kwao.

Wiki mbili nilikagua nguvu kati ya chembe, mstari kwa mstari. Nikabadilisha ukubwa wa hatua ya muda. Nikaandika upya sehemu ya kutafuta jirani. Bado mara saba, tena kwa kila halijoto. Hilo la mwisho lingepaswa kunishtua mapema: kosa la fizikia mara nyingi hubadilika halijoto inapobadilika, lakini kosa la vipimo hubaki lilelile popote uendapo. Siku moja nikagawa namba zangu kwa zao kwa makini badala ya kukadiria kwa jicho, nikapata 6.9 na kitu. Kipeuo cha pili cha 48 ni 6.93. Wao walipima muda kwa kipimo chenye 48 ndani yake, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi ya watu wa zamani, na wameieleza wazi kwenye aya niliyoiruka kwa haraka ya kufikia grafu. Tatizo nililolitafuta halikuwemo kwenye programu yangu tangu siku ya kwanza ya wiki hizo mbili.

Mpaka hapo makosa yalikuwa yangu. Nilipoanza kushuka chini ya 0.5 nikakutana na yale ambayo kioo chenyewe kinakuletea.

Nilikuwa na boksi lililotulia kwenye 1.0. Nikalishusha hadi 0.45 kwa mruko mmoja, nikaendesha hatua laki moja, nikatazama grafu ya nishati. Imetulia. Nikaanza kupima. Hatua yangu ilikuwa 0.005, kwa hiyo laki moja ni vipimo 500 vya muda, nami nikaona ni vingi. Nikapata namba, nikaiandika kwenye daftari kwa wino.

Mwalimu akaniuliza swali moja tu: nusu ya kwanza ya data inasema nini, na nusu ya pili inasema nini? Nikaikata faili katikati. Nusu ya pili ilitoa usambaaji mdogo kwa karibu theluthi moja. Nikaendesha tena kutoka pale nilipoishia, ukapungua zaidi. Chembe zilikuwa bado zinazeeka, na hilo ndilo neno lenyewe la fani: kimiminika kilichopozwa ghafla hakijafika pale halijoto mpya inapokitaka, kinaendelea kujibana polepole, na kadiri unavyochelewa kupima ndivyo unavyokikuta kizito zaidi. Kwenye 0.45 muda wa chembe kusahau mpangilio wake wa awali huhesabika kwa maelfu ya vipimo vya muda, si kwa mamia. Nilikuwa nimepiga picha ya mtu akiwa bado anateremka ngazi, nikaandika chini yake kwamba amekaa.

Na ile grafu ya nishati iliyotulia? Nilirudi nikaitazama kwa karibu. Mistari ya vurugu za kawaida ilikuwa minene kiasi cha kuficha kila kitu. Nilipochukua wastani wa kila hatua elfu kumi na kuziweka nukta hizo peke yake, mteremko ukajitokeza, mdogo, kwenye desimali ya tatu. Ulikuwepo muda wote.

Tangu hapo sijaiamini nishati peke yake. Ninangoja hadi chembe za A, kwa wastani, zimehama zaidi ya kipenyo chake, mara kadhaa, na ninashuka kwa ngazi: 0.6, 0.55, 0.5, 0.475, nikingoja kila mahali. Ngazi za juu zinaisha kwa usiku mmoja. Zile za chini zilikula wiki kwenye mashine niliyokuwa nayo. (Kosa dogo la pembeni: nilikuwa nahifadhi mahali pa kila chembe kwa vipindi sawa vifupi, diski ikajaa usiku wa manane na uigaji ukafa. Sasa nahifadhi kwa vipindi vinavyopanuka: 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Mwanzo unauona kwa undani, mwisho unauona kwa mbali, na diski inapumua.)

Kisha likaja jambo lililonichanganya kuliko yote. Nilikuwa na data ndefu ya 0.45, iliyozeeka vya kutosha. Ukiichora grafu ya mraba wa mwendo kwa logi pande zote mbili, unatarajia sehemu tatu. Mwanzo mwinamo ni 2, chembe inaruka huru kabla haijagonga jirani. Halafu tambarare, imenaswa. Halafu mwinamo wa 1, imetoka na kuanza kusambaa. Yangu ilifanya yote matatu vizuri, halafu mwishoni kabisa ikaanza kupinda kwenda juu tena, kama inarudi kwenye 2. Tena mistari ya A na ya B, ambapo ule wa B hupaswa kukaa juu kwa kuwa chembe ndogo huenda kwa kasi zaidi, ikaanza kusogeleana. Kadiri muda ulivyokwenda, A na B zilikuwa kitu kimoja.

Kilichonisaidia ni hiyo mistari kusogeleana. Ni mwendo gani ambao A na B wanaufanya sawasawa, bila kujali ukubwa? Mwendo wa boksi zima. Kidhibiti joto nilichokiandika mwenyewe, yaani sehemu ya programu inayoshikilia halijoto isibadilike, kilikuwa kikigusa kasi za chembe kwa namna iliyoacha msukumo mdogo upande mmoja, na kundi lote la chembe elfu moja lilikuwa likiteleza pamoja taratibu, kama abiria waliolala ndani ya treni. Kasi yenyewe ilikuwa ndogo mno. Lakini mwendo wa kuteleza hukua kwa mraba wa muda, na usambaaji hukua kwa muda tu, kwa hiyo ukingoja vya kutosha mtelezo hushinda. Kwenye 1.0 sikuuona kamwe kwa sababu chembe zenyewe zilikuwa na haraka. Mtelezo ulikuwepo kule pia, umefunikwa. Baridi ndiyo iliyoufunua.

Nikaondoa mwendo wa kitovu cha uzito cha boksi zima, na kuanzia hapo natumia kidhibiti joto wakati wa kutuliza tu. Wakati wa kupima nakizima, chembe zinakwenda kwa kanuni za Newton peke yake. Kuna mtu aliwahi kuniambia ni usumbufu usio wa lazima. Labda. Lakini tunapima mwendo, na kidhibiti joto kazi yake ni kuingilia mwendo.

Mwenendo wa namba ulipokuwa sasa unaaminika, nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo: niliacha wastani, nikafuatilia chembe moja. Nilichagua namba 417, bila sababu. Kwenye 0.45 nikachora njia yake. Ilikuwa kama fundo la uzi, chembe inatetemeka mahali pamoja, inatetemeka, inatetemeka, maelfu ya hatua, ndani ya nafasi isiyofika robo ya kipenyo chake. Halafu ghafla mstari mfupi ulionyooka, na fundo jipya karibu kipenyo kimoja mbali. Ndivyo ilivyokwenda, mafundo na mistari. Nikatafuta nani alikuwa amekaa kwenye nafasi ambayo 417 iliihamia. Alikuwepo A mwingine, ambaye naye alikuwa amehama muda mfupi kabla, kwenda kwenye nafasi ya mwingine aliyeondoka. Wanafuatana mkiani kama watu kwenye foleni. Niliruka kitini, nikiamini nimegundua kitu. Baadaye nikasoma kwamba mwendo huo wa mnyororo ulichapishwa mwaka 1998, kwenye mchanganyiko huuhuu. Sikuumia sana. Kukiona kwa faili lako mwenyewe ni tofauti na kukisoma.

Wakati 417 inaruka, upande wa pili wa boksi kulikuwa na chembe ambazo hazikuhama kabisa kwa muda wote niliouchora. Kwa hiyo kigawo cha usambaaji, namba moja nadhifu, kinachukua kundi la wazururaji na kundi la waliolala na kutoa jina moja. Na wazururaji wana uzito mkubwa kwenye wastani huo, kwa sababu unazidisha umbali kwa wenyewe. Mnato unasikiliza zaidi waliolala. Ndiyo maana uhusiano wa Stokes na Einstein, ule unaosema usambaaji na mnato hupanda na kushuka kwa kinyume na kwa uwiano uleule, hushika vizuri kwenye joto na kuanza kulegea chini. Nilikuwa nimekariri sentensi hiyo kwa mtihani. Niliielewa nilipoona fundo la uzi.

Nilitaka kuishia 0.40. Kob na Andersen walikuwa wametoa 0.435 kama halijoto ambako nadharia waliyokuwa wakiijaribu ilitabiri usambaaji ungefika sifuri, nami nilitaka kuonyesha kwamba chini yake chembe bado zinasogea, polepole. Nilipata nafasi kwenye mashine kubwa, nikatumia chembe 8,000, nikaacha iendeshe. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Halafu asubuhi moja nishati ilikuwa imeanguka. Haikuwa ule mteremko wa desimali ya tatu niliokwisha uzoea, ilikuwa ngazi ambayo hata jicho la mpita njia lingeiona. Shinikizo nalo lilianguka. Usambaaji wa A ulikuwa karibu umekwisha.

Nilidhani tena ni kosa langu, na kwa mazoea nikaanza kukagua mipaka, mtelezo, vipimo. Yote salama. Hatimaye nikachora mahali chembe zilipo, za A peke yake, nikaligeuza boksi polepole kwenye skrini. Kwenye pembe moja chembe zilikuwa zimepangana safu kwa safu, zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. A walikuwa wamewasukuma B nje na kujijengea fuwele. Mchanganyiko huu uliosifiwa kwa miaka mingi kwamba haugandi kuwa fuwele huganda, ukiuendesha kwa muda mrefu na kwa boksi kubwa la kutosha. Uigaji wa 2019 kwa mashine za kadi za michoro ulilionyesha hilo wazi. Sikuwa nimeusoma.

Mwalimu alitazama skrini kwa muda, akaligeuza boksi mwenyewe mara mbili tatu, akacheka. Kisha akaniuliza kama sehemu ya kabla ya kuanguka inatosha kupimwa. Nilikata faili pale, nikaangalia chembe za A zilikuwa zimehama kiasi gani. Zilikuwa hazijafika hata kipenyo kimoja.

Kwenye jedwali nililowasilisha kuna safu sita za halijoto. Ya mwisho imeandikwa 0.40, na upande wa kigawo cha usambaaji kuna kistari.